Kibangwa cha Pwani na Kibangwa cha Kauri

Katika nchi ya Unyamwezi, tangu Tabora mjini hata vijiji vya upande wa Choma, wako wazee waliorithi kitu cheupe cha mviringo, chenye tundu, kiasi cha kiganja cha mtoto. Hicho ndicho kibangwa. Zamani kilikuwa pambo la watemi, na aliyekiona alijua yu mbele ya nani. Tangu utemi ulipofutwa kwa sheria mwaka 1963, vibangwa vingi vimelala sandukuni, na vijana hawajui tena kama kitu hicho ni mfupa, ni jiwe, ama ni kipande cha sahani. Basi, nataka kuwaelezeni namna ya kukitambua, kwa maana viko vya namna mbili, na habari zao hazifanani.

Kile cha kwanza asili yake ni bahari. Yuko konokono wa baharini ambaye gamba lake lina umbo la pia ya watoto: pana upande mmoja, limechongoka upande wa pili. Fundi alikata ule upande mpana, akausugua hata ukawa bapa, akatoboa tundu. Gamba moja lilitoa kibangwa kimoja tu. Kisha kikapandishwa bara na wapagazi, pamoja na merikani, kaniki na ushanga. Na safari yenyewe haikuwa mchezo. Mzungu Burton, aliyefika Tabora tarehe 7 Novemba 1857, alihesabu siku 134 tangu alipotoka pwani, na mwendo usiopungua maili 600.

Kwa hiyo bei yake ilikuwa kubwa, tena ya kutisha. Dr. Livingstone, yule aliyekaa Kwihara karibu na Tabora tangu Februari hata Agosti mwaka 1872, alikuwa amepita nchi ya Walunda, mbali kusini-magharibi, mwaka 1854. Aliandika kwamba huko vipande viwili vya gamba hili vilitosha kumnunua mtumwa mmoja, na vitano vilikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu yenye thamani ya pauni 10. Hebu soma tena hesabu hiyo polepole. Mtu mzima, mwenye mama na jina, kwa vikonokono viwili! Anayetaka kujua thamani ya kibangwa cha kale asiisahau bei hiyo, hata kama haipendezi kuisimulia mbele ya wageni.

Neno la thamani halikuwapita wafanya biashara wa Ulaya. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 viwanda vyao vilitengeneza vibangwa vya kuiga, vya kauri, yaani udongo mweupe uleule wa vikombe na vya sanamu ndogo ambazo Wazungu hupamba nazo vyumba vyao. Udongo huo hukandamizwa katika kalibu, kisha huchomwa kwa moto mkali kupita ule wa mfinyanzi wa kijijini, hata ukawa mgumu kama jiwe. Na hapa pana jambo la ajabu kidogo. Katika Kiswahili neno kauri ni jina la simbi za baharini, tena ni jina la vyombo vya Kichina. Wataliani nao waliviita vyombo hivyo kwa jina la simbi, na ndilo neno lililoenea katika nchi nyingi za Ulaya. Majina yalikwisha kuvichanganya gamba na udongo karne nyingi kabla ya kiwanda kujaribu.

Sasa, utavitambuaje? Geuza kibangwa, utazame mgongo wake. Kile cha gamba kina mstari unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, kama ukili unavyozungushwa mtu anapoanza kushona mkeka wa duara. Mstari huo ulimea pamoja na mnyama, kwa hiyo hauko sawa kila mahali. Cha kauri pengine hakina mstari, au unao mstari mwepesi uliotoka katika kalibu. Ukivipata viwili, viweke pamoja: vilivyotoka katika kalibu moja hufanana kama sarafu, lakini makonokono wawili hawafanani kamwe. Tazama na palipovunjika, kama papo. Kauri huvunjika kwa ukingo mkali kama wa kigae cha sahani. Gamba huonyesha matabaka yake. Ncha ya kisu hukwaruza gamba, bali kauri haikwaruziki. Tone la ndimu hutoa povu juu ya gamba, kwa kuwa gamba ni chokaa. Lakini majaribio haya mawili ya mwisho nakusihi uyaache, kwa sababu kisu huacha kovu na ndimu hula. Macho yanatosha, pamoja na kidole: papasa tundu, uone kama kamba imelila kwa miaka mingi.

Watu wengi wakisikia kwamba chao ni cha kauri, hutaka kukitupa. Mimi naona hilo ni kosa. Kibangwa cha kauri kilichovaliwa na babu yako ni ushahidi wa siku ambazo kiwanda cha mbali kilijua umbo la pambo la mtemi wa Unyamwezi, na kikaona faida kuliiga. Mchuuzi atakayekupa shilingi chache hataandika kilivaliwa na nani, wala katika kijiji gani, na kikiisha kutengwa na habari hizo ni udongo tu, kiwe kizuri namna gani. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuvitoa vitu vya kale nje ya nchi bila ruhusa. Chukua karatasi, uandike jina la aliyekivaa, la aliyekurithisha, na la kijiji. Uikunje, uifunge pamoja na kibangwa katika kitambaa kimoja kikavu.