Dhahabu ya Kilwa na Karatasi za Masonara

Katika karne ya 16, mtawala wa Ulaya alipotaka kikombe au birika ya dhahabu, kazi haikuanza kwa moto na nyundo. Kwanza mchoraji alilichora umbo lake juu ya karatasi kwa kalamu na wino, akaonyesha kimo, mkono na nakshi, ili mwenye mali aridhike kabla madini hayajaguswa. Huko Mantua, Giulio Romano, aliyefika mwaka 1524, alimchorea Federico Gonzaga vyombo vingi vya mezani. Huko Uingereza, Hans Holbein alichora kikombe cha Malkia Jane Seymour, aliyeolewa na Mfalme Henry VIII mwaka 1536.

Kikombe hicho hakipo tena. Katika enzi ya Charles I kiliyeyushwa, kwa kuwa mfalme mwenye haja ya fedha huipima dhahabu kwa uzito, wala hahesabu kazi ya mikono. Lakini michoro ya Holbein ingalipo, Oxford na London. Karatasi, kitu dhaifu, imeishi kuliko dhahabu.

Jambo hili laigusa pia pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kumtii Mfalme Manuel wa Ureno na kumtolea kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilikuwa tunda la biashara ya Sofala, iliyoitajirisha Kilwa kwa muda mrefu. Ilipofika Lisbon, mfalme alimwagiza sonara Gil Vicente aifanye chombo cha kuonyeshea Ekaristi. Kazi ilikwisha mwaka 1506: mitume 12 wamepiga magoti katikati ya nguzo nyembamba, nao wamepambwa kwa rangi zilizochomwa juu ya dhahabu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, jeshi la Francisco de Almeida lilikuwa limekwisha kuiteka na kuipora Kilwa yenyewe.

Chombo hicho kimehifadhiwa katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Sanaa ya Kale, Lisbon, na watu hukisifu kwa ustadi wa Kireno. Ustadi huo ni wa kweli. Hata hivyo, tanuri lilipoiyeyusha dhahabu ile, kila alama ya mikono iliyoishika kwanza ilifutika. Kilichosalia ni maandishi yaliyochorwa kukizunguka kitako chake, yasemayo kwamba Mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Maneno hayo yaliandikwa kwa majivuno ya mshindi. Lakini kama vile karatasi ya Holbein ilivyokihifadhi kikombe cha malkia, ndivyo majivuno hayo yalivyolihifadhi jina la Kilwa. Mwanafunzi wa historia ya pwani hana budi kukihesabu chombo hicho miongoni mwa hati zake, pamoja na tarehe za wenyeji na magofu ya Kilwa Kisiwani.