Gari Lililokubali Kulowa

Chini ya Land Rover ya zamani, pale injini inapoungana na giaboksi, kuna tundu dogo ambalo kiwanda kililiacha wazi kwa makusudi. Kitabu cha gari kilimwelekeza dereva alizibe kwa kizibo cha kukaza kabla ya kuvuka mto wenye kina, na akishavuka akitoe tena, ili mafuta yaliyochuruzika na maji yaliyopenya yapate pa kutokea badala ya kubaki ndani na kuharibu klachi. Nalitaja tundu hilo mapema kwa sababu limebeba fikra nzima ya waliolibuni gari lile: maji yataingia, la muhimu ni kwamba yatoke. Wengi hawalioni jambo hili hivyo. Wakikuta dimbwi miguuni baada ya mvua ya masika, husema Waingereza walishindwa kuunda gari. Ninachodai mimi ni kwamba uvujaji wa Land Rover ulitokana na uamuzi uliofanywa kati ya 1947 na 1948, na kwamba uamuzi huo huo ndio uliomwezesha fundi kulifungua na kulifunga gari upya chini ya mwembe kwa spana chache. Mambo hayo mawili hayatenganishiki, na anayeziba maji bila kulijua hilo huishia kulidhuru gari.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, bati la chuma nchini Uingereza lilitolewa kwa mgawo, na kiwanda kilichoweza kuuza bidhaa nje ndicho kilichopewa zaidi. Kampuni ya Rover, iliyokuwa imezoea kuunda magari ya starehe, ilijikuta Solihull ikiwa na kiwanda kikubwa na kazi kidogo. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na Jeep kuukuu ya jeshi katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales, na wazo la gari la shamba la Rover lilitoka hapo. Alumini ilipatikana kwa urahisi kuliko chuma, maana kazi ya kuunda ndege za kivita ilikuwa imepungua. Basi bodi ikatengenezwa kwa aina ya alumini iitwayo Birmabright. Kampuni haikutaka kubeba gharama ya mashine kubwa za kukandamiza bati, kwa hiyo vipande vingi vikakatwa vikiwa bapa, vikakunjwa kidogo pembeni, vikaunganishwa kwa bolti na ribiti. Gari lilipooneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, hata turubai la paa lilihesabiwa kuwa nyongeza ya kulipiwa. Aliyekusudiwa alilinunue alikuwa mkulima aliyevaa buti na koti la mvua, ambaye tayari alikuwa amelowa kabla hajapanda.

Sasa hesabu viungo. Kioo cha mbele kimefungwa kwa bawaba juu ya ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, ili kiweze kulazwa juu ya boneti, na kati ya kioo na ukuta huo pana raba moja ndefu tu. Chini yake, katika magari yaliyoundwa kwa miongo mingi hadi 2007, kuna vifuniko viwili vya kuingizia hewa ambavyo raba zake zikikauka hugeuka bomba la kumwagia maji magotini. Paa limekalishwa juu ya fremu ya kioo na juu ya kuta za ubavuni, likafungwa kwa bolti. Mlango wenyewe umegawanyika: nusu ya juu yenye vioo vya kusukuma imechomekwa juu ya nusu ya chini na kukazwa kwa nati. Gari la abiria lenye inchi 107 kati ya ekseli zake, lililotoka katikati ya miaka ya 1950, lilikuwa vipande vitupu vya bapa vilivyoshikanishwa mpaka nyuma. Yale yaliyopewa paa la pili la juu kwa ajili ya nchi za jua kali, paa ambalo Afrika Mashariki inalijua sana, yaliongezewa vidirisha vya hewa darini pamoja na bolti, na kila tundu lilihitaji raba yake.

Kwa sababu hiyo kutafuta mahali gari linapovuja kumekuwa kazi yenye hila zake. Maji hayadondoki pale yalipoingilia. Huingia kwenye kona ya paa, yakashuka ndani ya fremu ya kioo iliyo na uwazi, yakatokeza juu ya kanyagio la klachi, na fundi mwenye haraka akalaumu vifuniko vya hewa. Njia inayoaminika ni mtu mmoja kukaa ndani na tochi huku mwenzake akimwaga maji taratibu kwa mpira, akianzia chini na kupanda juu kiungo kwa kiungo. Ukianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hujifunzi lolote. Unga wa chaki uliopakwa ndani kando ya kiungo huonyesha mkondo pale tone la kwanza linapopita. Na kama majimaji ya sakafuni yanateleza na yana harufu tamu, mvua haihusiki: hita ndiyo inayovujisha maji ya kupozea injini, na hakuna raba ya mlango itakayolitibu hilo.

Lakini maji yalianza lini kuwa tatizo? Jeep ya vitani ilikuwa na matundu ya kutolea maji sakafuni, na hakuna askari aliyelalamika. Land Rover ya kwanza ilikuwa na sakafu ya bati tupu iliyofungwa kwa bolti, maji yakaingia na kutoka. Hata Range Rover ilipotoka 1970, waundaji wake walijivunia kwamba ndani, penye viti vya plastiki na sakafu ya mpira, mtu angeweza kupaosha kwa mpira wa maji. Kilichobadilika ni mpandaji. Mwaka 1982 Land Rover ya abiria aina ya County ililetwa ikiwa na viti vya kitambaa na vizuia kelele zaidi. Discovery ya 1989 ikaja na starehe za gari la familia. Kisha 1998 ikaingia injini ya Td5, ambayo katika Defender, jina la baadaye la Land Rover ile ile ya zamani, kompyuta yake huwekwa chini ya kiti. Tone lile lile ambalo 1950 lingekaushwa na upepo kabla ya saa sita mchana sasa linanyonywa na kapeti, linakaa humo wiki nzima, linaozesha sakafu ya chuma kutoka juu, au linaunguza kifaa cha bei kubwa. Gari lilivuja kama zamani. Vitu vilivyokuwa chini ya tone ndivyo vilivyokuwa vipya.

Atakayepinga atasema hiki ni kisingizio cha uzembe, na kwamba viwanda vya Uingereza enzi za British Leyland vilijulikana kwa kazi mbovu. Sikatai kwamba kulikuwa na milango iliyokaa upande na raba zilizowekwa ovyo. Ila tuangalie ushahidi. Gari hili lilipita kutoka Rover kwenda Leyland, likaenda British Aerospace mwaka 1988, BMW 1994, Ford 2000 na Tata 2008. Wenye mali walibadilika, mameneja wakabadilika, mashine zikabadilika, na maji yaliendelea kuingia kwenye kona zile zile za kioo na paa hadi gari la mwisho lilipotoka Solihull tarehe 29 Januari 2016. Ingekuwa uzembe wa kizazi kimoja, ungeondoka na kizazi hicho. Tena viungo hivyo hivyo ndivyo vilivyoruhusu gari lisafirishwe likiwa vipande na kuunganishwa mbali na Uingereza, kama ilivyofanyika katika kiwanda cha Leyland pale Thika. Bawa la mbele likibonyezwa na mti, unafungua bolti na kuweka jingine. Faida hiyo haipatikani bila mwanya, na mwanya hupitisha maji.

Hapa ndipo silikoni inapoleta madhara, na jambo hili linanisikitisha kwa sababu nia huwa njema. Alumini na chuma vikigusana katika unyevu, hasa wenye chumvi kama wa Tanga au Mombasa, alumini huliwa: rangi inavimba, na ukiikwaruza chini yake unakuta unga mweupe. Milango imeundwa kwa fremu ya chuma iliyovikwa alumini, kwa hiyo maji yakinaswa humo yanaila kwa ndani. Anayeziba ukingo wa chini wa mlango ili usidondoshe maji kwenye sakafu amefunga njia pekee ya kutokea. Silikoni ya kawaida ya dukani, ile inayonuka siki, hutoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo huanzisha kutu kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Isitoshe ikishashika, kipande hakifunguki bila kupindishwa. Ipo lakiri laini isiyokauka, inayobaki kama ugoro uliolowa. Hiyo huwekwa juu, kwenye viungo vya paa na fremu ya kioo, na chini huachwa wazi. Fundi wa jahazi hukalafati mbao kwa pamba na mafuta, na bado nahodha hasafiri bila upo wa kufulia maji; yeye hajapata kudai chombo kikavu kabisa, anadai chombo ambacho maji yake yanadhibitika.

Pingamizi zito zaidi ni Toyota. Land Cruiser za bodi ya chuma iliyochomelewa zina viungo vichache, na kuanzia miaka ya 1980 zilichukua nafasi kubwa ya Land Rover katika serikali, mashirika ya misaada na utalii wa Afrika Mashariki. Ni kweli abiria wake walikaa pakavu zaidi, na ubora wa injini na uhakika wa vipuri ulichangia ushindi huo pengine kuliko ukavu. Lakini bodi hiyo iliponasa maji, hasa ile ya mfululizo wa 40, ilioza vibaya, na dawa yake ilikuwa kukata na kuchomelea, kazi inayotaka umeme, gesi na mkono wa mtaalamu. Tena mara tu karakana za Arusha na Nairobi zilipoanza kukata mapaa ya Land Cruiser ili watalii wasimame na kutazama wanyama, historia ikajirudia: paa la kunyanyuka lina raba kuzunguka pande zote, vumbi la Serengeti linaitafuna, na mvua ya kwanza ya Novemba inapita. Aliyekata paa hakuwa mzembe. Alinunua kitu kwa kiungo, kama Wilks alivyofanya.

Defender mpya iliyooneshwa Frankfurt Septemba 2019 na kuundwa Nitra, Slovakia, imelimaliza suala hili kwa upande mmoja. Bodi yake ni alumini iliyogundishwa na kupigwa ribiti ikawa kitu kimoja, inavuka maji ya kina cha milimita 900 wakati ile ya zamani iliruhusiwa 500, na abiria hawalowi. Ikigongwa sana ubavuni, hata hivyo, ukarabati wake unahitaji karakana yenye vifaa maalumu na mafunzo ya kiwanda, na karakana za namna hiyo haziko Loliondo wala Maralal. Ndiyo maana sehemu kama hizo Land Rover za miaka ya 1970 na 1980 bado zinafanya kazi, na wanaozitunza vizuri wametoa kapeti, wameacha bati tupu, na wamezibua matundu ya sakafuni.