Kabati la Vitabu na Mambo ya Mwili

Kabla ya vitabu kufika Endabash, kata ya wilaya ya Karatu, Tanzania, yenye wakazi wengi Wairaqw, mambo ya mwili yalikuwa na mahali pake pa kufundishwa, kwani wasichana walipitia marmo, yaani unyago wa kutengwa ndani kwa miezi kadhaa, ambao siri zake hazikutajwa nje na ambao ulikoma zama za ukoloni. Jadi hiyo nayo haikukosa ukali: msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alihesabiwa kuwa na unajisi, akatengwa na watu wake.

Shule iliyoshika nafasi ya unyago ilitegemea vitabu vilivyochaguliwa mbali, kwanza na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kusambaza vitabu kwa makasha, kisha na huduma za maktaba zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1963. Uchaguzi huo ulikuwa na mipaka yake. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, *Rosa Mistika*, iliyotoka mwaka 1971, inamwonyesha Zakaria akimpiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na ni malezi hayohayo ya fimbo yanayomfikisha binti huyo chuoni bila kujua namna ya kuishi na wanaume. Riwaya hiyo ikapigwa marufuku shuleni, ingawa baadaye iliruhusiwa kusomwa sekondari.

Marufuku hutangazwa, kwa hiyo huweza kubatilishwa. Kigumu kufuatilia ni kujidhibiti, yaani mkutubi kukiacha kitabu kwa kuhofia lawama ambayo hajaipata bado. Uchunguzi wa Marjorie Fiske kuhusu maktaba za California, uliochapishwa mwaka 1959, ulikuta wakutubi wengi wakikwepa vitabu vyenye utata bila kuamriwa na yeyote. Nchini Tanzania hofu hiyo si ya bure: kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu kinaharamisha kusambaza machapisho machafu, na Februari 2023 Waziri wa Elimu, Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili, vikiwemo vya mfululizo wa *Diary of a Wimpy Kid*, ambavyo kwa kweli ni vichekesho vya mvulana mvivu wa shule.

Katika shule nyingi za vijijini mkutubi ni mwalimu wa somo jingine aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati, anayesali na kuzikana na wazazi walewale ambao wangeweza kumlalamikia. Rejista yake huonyesha kilichopokelewa, kilichoazimwa na kilichopotea. Kitabu ambacho hakikuagizwa hakina mstari humo. Sura ya uzazi katika kitabu cha Baiolojia haimpi wasiwasi, kwa kuwa imo katika mtihani.