Makao ya watoto (Kyela)

Makao ya watoto ni nyumba za hisani zinazolea yatima na watoto wenye ulemavu waliokosa ndugu wa kuwatunza. Wilayani Kyela, mkoani Mbeya, hitaji hilo liliongezeka miaka ya UKIMWI, ugonjwa ulioupiga vikali ukanda huu wa njia ya kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi. Mabibi wengi walibaki na wajukuu wasio na wazazi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, makao huendeshwa kwa leseni, na mtoto hapokelewi kiholela: afisa ustawi wa jamii hutafuta kwanza shangazi au mjomba awezaye kumchukua. Ni utaratibu wa haki, kwani makao ni kimbilio la muda, hayachukui nafasi ya ukoo.

Chakula cha makao, yaani mchele, ndizi na usipa (dagaa) wa Ziwa Nyasa, hupatikana jirani. Mzigo mkubwa zaidi ni matunzo ya mtoto mwenye ulemavu. Wakati wa masika, mito ya Songwe na Kiwira hufurika. Magurudumu ya kiti mwendo huzama kwenye tope, na mtoto hubebwa mgongoni hadi shuleni. Kiti kikivunjika, huunganishwa na fundi baiskeli. Mwenye mtindio wa ubongo hunyooshwa viungo kila siku, kazi ya mikono na subira ambayo wafadhili huisahau wanapoleta nguo na peremende.

Anayetaka kusaidia aulize kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri kama makao yana leseni, kisha awaulize walezi wanahitaji nini.