Moto wa Strasbourg na Dhamana ya Fundi



Ndugu zangu, usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 moto uliwaka Strasbourg, Ufaransa, katika majengo ya OVHcloud, kampuni kubwa inayohifadhi tovuti za watu. Jengo la ghorofa tano lililoitwa SBG2 liliteketea lote, na sehemu ya jengo la jirani pia. Alhamdulillah, hakuna aliyefariki. Lakini tovuti kwa mamilioni zilizimika. Wenye mchezo wa kompyuta uitwao Rust walipoteza seva 25 pamoja na kila kilichokuwamo.

Mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwaambia wateja wawashe mipango yao ya dharura. Wengi hawakuwa na mpango. Walidhani aliyelipia nafasi amelipia na ulinzi. Hapo likaja swali: hasara ni ya nani?

Swali hili si geni. Mafuqahaa walilijadili zaidi ya miaka 1,200 iliyopita kuhusu mafundi wanaopokea mali za watu wengi: mshonaji, mpaka rangi, mfua nguo. Nguo ikiharibikia kwake, alipe? Imam Abu Hanifa alisema ile ni amana mkononi mwake, halipi ila kwa kosa lake. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, wakasema atalipa, isipokuwa kwa jambo lisilozuilika. Na mfano walioutaja ni moto mkubwa! Imepokewa pia kuwa Sayyidna Ali (r.a.) aliwatoza mafundi, ili mali za watu zisipotee ovyo.

Utasema: basi kampuni imeokoka, maana ule ulikuwa moto. Subiri, ndugu yangu.

Kampuni moja ya Ufaransa, France Bati Courtage, ilikuwa imelipia huduma ya nakala ya akiba. Mkataba ulisema nakala hiyo itatengwa na seva yenyewe. Kumbe vyote viwili vilikuwa ndani ya jengo moja, vikaungua pamoja. Januari 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru OVHcloud ilipe zaidi ya yuro 100,000. Zingatia: kilichoitia kampuni hatiani ni ahadi. Moto unaweza kumzidi mtu nguvu, lakini kuweka nakala jengo jingine kulikuwa ndani ya uwezo wake, na alikwisha kulipwa kwa kazi hiyo.

Na aliyelipia nafasi tu, bila nakala? Huyo kampuni haikumwahidi nakala. Mwenye mali naye ana wajibu wa kuilinda mali yake. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo tawakkul.

Leo tovuti zetu zina darsa za masheikh, hesabu za waqfu, majina ya wanafunzi wa madrasa. Wewe uliyekabidhiwa hayo, usome mkataba. Uulize: nakala inachukuliwa? Inakaa jengo gani? Nani analipa ikipotea? Kisha chukua nakala yako mwenyewe, uiweke mahali pengine, na uifungue mara kwa mara uone kama inafanya kazi. Na wewe kijana unayewahifadhia watu tovuti, usiandike usichokitekeleza. Neno lako kwenye mkataba ni ahadi, na ahadi utaulizwa.

Allah atujaalie tuwe watunzaji wa amana. Wallahu a'lam.