Malipo ya Wenye Mali kwa Njia za Mji

Mwezi wa Septemba 1666 moto uliunguza mji wa London, zikateketea nyumba zipatazo 13,200. Mji ulipojengwa upya, vichochoro vingi vilipanuliwa. Aliyekatwa kiwanja chake alistahili fidia, hilo halikuwa na shaka. Lakini jirani yake, ambaye zamani duka lake lilijificha uchochoroni, sasa alijikuta ameielekea njia kuu. Mali yake imepanda thamani hali yeye hakutoa hata senti. Kwa hiyo sheria ya 1667 iliamuru watu walioapishwa waipime faida hiyo, na aliyeipata achangie.

Kanuni hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1691 koloni la New York nalo lilitunga sheria ya kuwatoza wenye nyumba gharama za njia na mifereji, kila mtu kwa kadiri ya faida yake.

Kadiri ya faida: hapo ndipo penye mizani, na mizani huweza kupotoshwa. Katika mji mdogo wa Norwood, jimbo la Ohio, Marekani, baraza la mji lilitaka kupitisha barabara kati ya ardhi ya Bibi Ellen Baker. Walioapishwa wakakadiria fidia ya kipande kile kuwa dola 2,000, naye akalipwa. Kisha baraza likamtoza yeye huyo, juu ya ardhi iliyobaki pande zote mbili, dola 2,218.58: yaani fidia yenyewe, pamoja na ujira wa wakili, malipo ya mashahidi na gharama za matangazo. Ni kama mtu kuchinjiwa kondoo wake, kisha akadaiwa na bei ya kisu.

Wala hakuna aliyepima kama ardhi ile iliyobaki imeongezeka thamani kwa kiasi hicho. Bibi Baker alishitaki, na shauri likafika Mahkama Kuu ya Marekani. Mwezi wa Desemba 1898 Jaji Harlan alisoma hukumu: kumtoza mwenye mali kiasi kinachozidi sana faida aliyoipata ni kumnyang'anya mali yake bila ya fidia.

Ushindi huo haukukaa sana. Mwaka 1901, katika shauri la njia iliyotiwa lami huko Kansas City, mahkama ile ile iliruhusu gharama zigawanywe kwa urefu wa kiwanja kilichoelekea njia, pasipo kupima faida ya kila mmoja. Majaji watatu walikataa, na Harlan alikuwa miongoni mwao.