Dawa ya Lihamu na Habari Zake

Wasomaji wetu wengi wamepata kumwona sonara akiunga mkufu uliokatika. Kwanza hupaka dawa nyeupe penye kiungo, ndipo hutia moto. Wako wadhanio kwamba dawa ile ndiyo gundi. Sivyo. Kinachounga ni lihamu, nayo ni madini. Lakini dawa isipofaa, lihamu haishiki kabisa.

Sababu yake ni hii. Madini mengi yakipata moto hufanya kutu upesi, wala lihamu haikai juu ya kutu, kama vile rangi isivyokaa juu ya mafuta. Dawa huyeyuka, huila kutu ile, tena huufunika uso wa madini hewa isiufikie. Ndipo lihamu hupenya katika ufa mwembamba kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa.

Ufundi wenyewe ni wa kale mno. Makaburi ya Uru wa Wakaldayo, yaliyofukuliwa na Leonard Woolley tangu 1922 hata 1934, yalitoa vitu vya dhahabu vilivyoungwa kwa lihamu yapata miaka 2500 kabla ya Kristo. Dawa iliyosifiwa baadaye kuliko zote ni boraksi. Ilitoka kando ya maziwa ya Tibet, ikachukuliwa migongoni mwa kondoo kuvuka milima ya Himalaya mpaka India, kisha ikafika Venice kusafishwa. Mwaka 1856 boraksi ilionekana California pia, na tangu 1883 hata 1889 nyumbu walivuta magari yake kutoka Death Valley.

Boraksi iliwafaa mafundi kwa sababu iliutangulia mwenzake. Iliyokaushwa huyeyuka kwa digrii 743. Lihamu ya fedha sehemu 72 na shaba sehemu 28 huyeyuka kwa digrii 779. Dawa husafisha njia, lihamu hufuata.

Katika karne ya 20 mafundi walitaka lihamu ya moto mdogo, ili kazi isiharibike kwa joto. Walichanganya fedha, shaba, zinki na kadimi, hata lihamu ikayeyuka karibu na digrii 620. Hapo boraksi peke yake ilichelewa: lihamu imekwisha kuwa maji, na dawa ingali ganda gumu. Basi ukafanywa uji mzito wenye chumvi za floridi, uanzao kazi karibu na digrii 550.

Lakini faida hiyo ilikuja na hatari. Moshi wa kadimi huharibu mapafu, hata kuua; mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliikataza katika lihamu, isipokuwa kwa kazi chache. Moshi wa floridi nao hudhuru, na masazo yake hula madini. Yafaa kufanya kazi penye hewa nyingi, na kuosha kiungo kwa maji ya moto.

Basi achaguaye aulize kwanza: ni madini gani? Shaba nyekundu kwa shaba nyekundu, lihamu yenye fosfori haihitaji dawa, kwa kuwa fosfori yenyewe huiondoa kutu. Shaba ya manjano huihitaji. Chuma kisiungwe kwa lihamu hiyo, maana kiungo huvunjika kwa wepesi. Chuma kisichoshika kutu chataka floridi, kwa kuwa boraksi haiishindi ngozi yake. Kisha aulize: lihamu yangu huyeyuka kwa moto wa kadiri gani? Dawa bora si ile iliyo kali kuliko zote, bali ni ile iitanguliayo lihamu yake na kudumu mpaka kazi imekwisha.